Kura ya posta ya mama imeandikwa "haikuhesabiwa". Tatizo ni nini, na safari ijayo tuombe vipi?

Binti_Uvira (mwanzisha uzi)
Habari za jioni wadau. Tuko Pennsylvania. Mama alikuja kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, akapata uraia wa Marekani, na uchaguzi huu wa tarehe 5 Novemba 2024 ndio wa kwanza kwake kumchagua rais wa nchi yoyote. Magoti hayamruhusu kusimama foleni, kwa hiyo tuliomba kura ya posta mtandaoni: jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani, na namba nne za mwisho za Social Security (hifadhi ya jamii) kwa sababu hana leseni ya udereva. Karatasi ikaja. Nikamsomea majina kwa Kiswahili, akajaza mwenyewe, tukaituma mapema. Tovuti ya jimbo ikaonyesha imepokewa.

Sasa nimeingia tena, naona haikuhesabiwa, na maelezo yenyewe hayaeleweki. Nimepiga simu kaunti, nikaambiwa nisubiri, laini ikakatika. Mama anaogopa kwamba amefanya kosa la jinai na uraia utanyang'anywa. Halali vizuri. Waliopitia hili wanisaidie: sababu yaweza kuwa nini? Na namna sahihi ya kuomba na kupiga kura hii ni ipi?

Rafiki_Lancaster
Pole dada, na mpe mama pole. Hilo ni suala la bahasha ya siri, nina uhakika. Pennsylvania wanatuma bahasha mbili. Karatasi ya kura inaingia kwanza kwenye ile ya ndani isiyo na jina, unaifunga, halafu hiyo inaingia kwenye ya nje yenye tamko la mpiga kura, unasaini na kuweka tarehe. Ukiruka ile ya ndani, kura inaitwa "uchi" na haihesabiwi. Mahakama ya Juu ya jimbo ilishaamua hivyo mwaka 2020. Kanisani kwetu nimeona wazee wengi wanaitupa bahasha ya ndani wakidhani ni ya ziada.

Nyota_Milwaukee
Shahidi alikuwepo? Huku Wisconsin usipokuwa na shahidi imekwisha. Lazima awe raia mtu mzima, akuone ukijaza bila kuangalia unamchagua nani, halafu asaini bahasha na kuandika anwani yake. Shangazi yangu shahidi wake alisaini akasahau anwani, ikabidi wamtafute arudi kuijaza. Na mara ya kwanza kuomba unaambatisha nakala ya kitambulisho chenye picha.

Rafiki_Lancaster
@Nyota_Milwaukee hiyo ni Wisconsin. Pennsylvania mpiga kura wa kawaida hahitaji shahidi. Tusimchanganye dada. Kila jimbo lina sheria zake, na hapo ndipo watu wetu wengi wanapopotea: mtu anapigiwa simu na binamu yake wa jimbo jingine, anafuata maelekezo ambayo kwake hayapo.

MzeeWaTacoma
Mimi nasema ni saini. Huku Washington hatuombi chochote, kila aliyeandikishwa analetewa karatasi nyumbani, lakini saini ya kwenye bahasha inalinganishwa na ile iliyomo kwenye daftari la wapiga kura. Zisipofanana unaandikiwa barua uje urekebishe. Akina mama zetu saini zao hubadilika. Siku ya kiapo cha uraia alisaini kwa kutetemeka, leo anasaini akiwa ametulia mezani kwake. Karani anaona watu wawili.

KaraniWaZamu
Nimefanya kazi ya kituo cha kura katika jimbo hilihili. Mzee wangu wa Tacoma, shikamoo, ila kwa Pennsylvania hiyo sababu haisimami. Oktoba 2020 Mahakama ya Juu ya jimbo ilisema kaunti haziruhusiwi kukataa kura kwa kulinganisha saini peke yake. Kutosaini kabisa, hapo ndiyo, inakataliwa.

Mimi naangalia tarehe. Kwenye bahasha ya nje kuna visanduku vya tarehe uliyosaini. Hili limepelekwa mahakamani miaka na miaka, maelfu ya kura zimekataliwa kwa tarehe kukosekana au kuwa na kasoro. Sasa Mmarekani anaanza na mwezi, sisi tunaanza na siku. Mtu akisaini tarehe 22 Oktoba akaandika 22 kisha 10, kwenye kisanduku cha mwezi kuna 22, na mwezi wa 22 haupo. Au anaandika tarehe yake ya kuzaliwa kwa sababu kila fomu aliyojaza tangu kambini iliuliza hiyo. Dada, nani aliandika tarehe?

Binti_Uvira
Asanteni sana. Marahaba na shikamoo zenu zote nimempelekea.

Tarehe aliandika mama mwenyewe. Alikataa nimwandikie, alisema hii ni kura yake na mkono utakuwa wake. Alitangulizaje, siku au mwezi, sikuangalia kwa makini. Kuhusu bahasha ya ndani, mimi nakumbuka nimeifunga kwa ulimi. Kaka yangu anasema aliona bahasha tupu kwenye kabati la sahani wiki ileile. Tumebishana mpaka mama ametuambia tunyamaze.

Mtanga_Houston
Hapa Texas ugonjwa wetu ni namba. Tangu sheria ya 2021, fomu ya kuomba na bahasha ya kurudishia zote zinataka namba ya leseni au kitambulisho cha Texas, au namba nne za Social Security, na lazima iwe ile ambayo daftari linayo. Kama ulijiandikisha kwa Social Security kisha kwenye bahasha ukaandika ya leseni ambayo hawanayo, inarudishwa. Uchaguzi wa mchujo wa Machi 2022, karibu asilimia 12 ya kura za posta zilikataliwa. Mama mkwe wangu siku hizi tunamwandikia zote mbili.

Halafu Texas huombi tu kwa kujisikia. Uwe na miaka 65 au zaidi, au mgonjwa au mlemavu, au unatarajia kujifungua ndani ya wiki tatu kabla au baada ya siku ya kura, au utakuwa nje ya kaunti kipindi chote cha kura, ile ya mapema na siku yenyewe. Wengine tunaenda kituoni kupiga kura ya mapema. Ombi liwe limefika siku 11 kabla.

KisauniBoy
Wadau salamu. Mimi nina green card mwaka wa tatu sasa. Nilipoenda kuchukua leseni ya udereva niliulizwa kama nataka kuandikishwa mpiga kura, nikasema nitafikiria. Hii ya posta naweza kuomba? Nalipa kodi kama wengine.

KaraniWaZamu
HAPANA. Usijaze, usitie tiki, usisaini. Uchaguzi wa Marekani wa rais na bunge ni wa raia peke yake, na tangu 1996 ni kosa la jinai kwa asiye raia kuupigia kura. Zaidi ya hapo unaweza kurudishwa ulikotoka hata kama ulidhani unaruhusiwa. Na fomu ya kuomba uraia, N-400, inauliza waziwazi kama umewahi kujiandikisha au kupiga kura. Ukisema ndiyo, safari inaweza kuishia hapo. Ukidanganya ni balaa jingine juu yake.

Mtanga_Houston
Namuunga mkono kwa mikono yote miwili. Kodi na kura ni vitu viwili. Mtu akikuuliza kaunta jibu ni "mimi si raia", sema kwa sauti, na soma ulichopewa kusaini. Kuna watu wamesaini kompyuta bila kusoma, wakaja kulia kwenye usaili wa uraia.

MzeeWaTacoma
KisauniBoy subiri mwanangu. Ukila kiapo uje hapa tukufundishe kujaza, na pilau utupikie wewe.

KisauniBoy
Nimewasikia wazee wangu. Pilau la Mombasa lipo, na si lile la kwenu la kutia karoti.

Mkaazi_Masaki
Niongeze upande wa tulio nje. Mimi ni raia wa Marekani ninayeishi Dar es Salaam. Sisi tuna sheria yetu ya 1986 inayowahusu wanajeshi na raia walio ng'ambo. Unajaza fomu inaitwa FPCA, moja inatosha kujiandikisha na kuomba kura kwa pamoja, unaipeleka katika jimbo ulilokaa mara ya mwisho kabla ya kuondoka. Ijaze upya kila mwaka, Januari ikianza tu. Ukiomba mapema, wanatakiwa kukutumia karatasi siku 45 kabla ya uchaguzi wa shirikisho, na unaweza kuomba ije kwa barua pepe. Kurudisha ndiko kugumu: majimbo mengine yanapokea kwa mtandao au faksi, mengine yanataka karatasi yenyewe. Mimi huipeleka ubalozini iende na mfuko wao. Isipofika kwa wakati kuna karatasi ya akiba, FWAB, unachapa mwenyewe na kuandika majina ya unaowataka kwa mkono.

Na kwa faida ya dada: Pennsylvania huwapa walio ng'ambo wiki moja ya ziada kura kufika. Walio ndani ya jimbo hawana nafasi hiyo.

Jicho_Nakuru
Mnanifanya nione wivu. Sisi Wakenya wa diaspora katiba ya 2010 ilituahidi, lakini mwaka 2013 ilikuwa jirani tu: Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi. 2017 wakaongeza Afrika Kusini. 2022 zikafika nchi 12, Marekani ikiwemo, lakini posta hakuna. Unasafiri mpaka kituo, kujiandikisha safari moja na kupiga kura safari nyingine, na unamchagua rais peke yake. Mimi niko Dallas na vituo vilikuwa Washington, New York na Los Angeles. Gavana wa kwetu Nakuru simgusi.

MbeyaOriginal
Wewe una kituo unalalamika, ndugu yangu. Sisi Watanzania tulio nje hatuna hata hicho. Na ukichukua uraia wa huku, wa nyumbani umeuacha, kwa mtu mzima uraia pacha haupo. Mimi hii kura ya posta ya Marekani ndiyo pekee niliyo nayo, naitunza.

Jicho_Nakuru
Njooni Kenya tuwaandikishe basi, Mbeya mpaka Nairobi si mbali.

MbeyaOriginal
Tutakuja kula nyama choma tu, kura bakini nazo.

Rafiki_Lancaster
Na Wakongo mwaka 2023 wa nje walipiga kwa mara ya kwanza, nchi tano: Ubelgiji, Ufaransa, Afrika Kusini, Kanada na hapa Marekani. Nao ni kituoni, si posta. Turudini kwa dada jamani.

Binti, tovuti inasema ilipokewa tarehe ngapi? Pennsylvania inahesabu kufika ofisini kabla ya saa 2 usiku siku ya uchaguzi. Muhuri wa posta hauna kazi.

MzeeWaTacoma
Hapo nakataa. Muhuri wa posta ndio ushahidi wako. Ukigongwa siku ya uchaguzi, kura ni halali hata ikifika kesho yake.

Rafiki_Lancaster
Washington ndiyo, mzee. Huku hapana. Na hata kwenu msiutegemee, maana barua unayoidondosha kwenye sanduku la mtaani jioni inaweza kugongwa muhuri siku inayofuata ikifika kituo kikubwa.

Binti_Uvira
Ilipokewa wiki moja kabla ya siku ya kura. Kuchelewa tukutoe kwenye orodha.

Nyota_Milwaukee
Basi angalieni jina na tarehe ya kuzaliwa. Sisi tuliotoka kambini nusu yetu tumezaliwa Januari 1 kwenye makaratasi, na majina yamepinduliwa: la ukoo limekaa mwanzo, la ubatizo limekaa katikati, Social Security wana mpangilio mmoja na cheti cha uraia kina mwingine. Mume wangu kwa miaka kadhaa alikuwa watu watatu serikalini. Kama namba nne za mama hazikuoana na jina lililopo, kitambulisho hakikuthibitika.

KaraniWaZamu
@Nyota_Milwaukee hoja nzuri, na inawezekana, maana Pennsylvania kitambulisho kikishindwa kuthibitika mpiga kura anapewa siku sita baada ya uchaguzi kukikamilisha, asipofanya kura haihesabiwi. Lakini hapo kaunti hutakiwa kumwarifu. Dada, hamkupata barua au barua pepe yoyote?

Binti_Uvira
Barua pepe tuliyoweka ni ya mdogo wangu aliye chuoni, nenosiri amelisahau. Barua ya karatasi sijaiona. Tulihama kutoka nyumba moja kwenda nyingine mwezi wa nane na tukabadilisha anwani posta.

Mtanga_Houston
Kubadilisha anwani posta hakuhamishi daftari la wapiga kura! Na karatasi za kura kwa kawaida posta hawazipeleki anwani mpya, zinarudi kaunti. Yenu ilifikaje?

Binti_Uvira
Karatasi ya kura tuliiomba baada ya kuhama, kwa anwani mpya. Daftari ndilo sijui kama lilibadilishwa.

Rafiki_Lancaster
Bado nasimama kwenye bahasha ya ndani. Bahasha tupu kwenye kabati la sahani haikuota mabawa. Na kinachoniuma ni kwamba Oktoba hiihii ya 2024, tarehe 23, Mahakama ya Juu ya jimbo ilisema mtu ambaye kura yake ya posta imekosa bahasha ya siri anaweza kwenda kituoni siku ya uchaguzi, akapiga kura ya muda, ile inayowekwa kando mpaka ikaguliwe, na ikahesabiwa. Mama angeambiwa mapema angeenda, hata kwa kiti cha magurudumu tungembeba. Kaunti nyingine hupiga simu kila mwenye kasoro, nyingine hazifanyi lolote. Mtu wa mtaa huu anaokolewa, wa ng'ambo ya barabara anaachwa.

KaraniWaZamu
Ni kweli, na limenikera hata mimi nikiwa ndani.

Kuhusu hofu ya mama, naomba hili lisomwe kwake kama lilivyo. Mama, hujafanya kosa la jinai. Kura kukataliwa kwa bahasha au tarehe ni kura kukataliwa tu, hakuna anayekuja mlangoni, na uraia wako haujaguswa. Kumsomea pia hakuna ubaya: Sheria ya Haki za Kupiga Kura, kifungu cha 208, inamruhusu mtu asiyeweza kusoma au kuandika, au mwenye ulemavu, kusaidiwa na mtu anayemtaka mwenyewe, mradi asiwe mwajiri wake wala wakala wa chama chake cha wafanyakazi.

Safari ijayo fanyeni hivi. Kwanza hakikisheni daftari lina anwani mpya na jina lilivyo kwenye cheti cha uraia. Kisha ombeni kura mapema. Pennsylvania ombi lazima liwafikie kabla ya saa 11 jioni Jumanne ya wiki moja kabla ya uchaguzi, lakini msingoje hapo. Kuna kisanduku cha kuomba kuwekwa kwenye orodha ya mwaka, mkikitia tiki karatasi zinakuja chaguzi zote za mwaka huo, na mwaka unaofuata mnaomba upya. Wekeni barua pepe inayofunguliwa kila siku. Karatasi ikifika, jazeni kwa kalamu nyeusi au ya bluu, ya ndani ifungwe, ya nje isainiwe na kuwekwa tarehe, mwezi kwanza. Mama asaini mwenyewe. Kama mikono haimruhusu kwa maradhi, anaweka alama na mtu mzima anashuhudia. Na airudishe mwenyewe. Jimbo hili hairuhusiwi kumpelekea mtu mwingine kura yake, hata mkeo, isipokuwa mlemavu aliyejaza fomu ya kumteua mtu.

Nyota_Milwaukee
Kaka Karani, kwa hiyo mzee wa magoti aende mwenyewe sandukuni? Hiyo si haki.

KaraniWaZamu
Anaweza kuipa posta kutoka nyumbani. Au hiyo fomu ya uteuzi, ipo kwa ajili ya watu kama yeye.

MbeyaOriginal
Mimi ningempeleka kituoni tu. Karatasi ikiingia kwenye mashine mbele ya macho yako, habari ya bahasha haipo.

MzeeWaTacoma
Wewe kijana una magoti. Mwaka 2020 asilimia 43 ya waliopiga kura Marekani walipiga kwa posta, na sisi huku ndiyo maisha yetu kila uchaguzi. Nakaa na kijitabu cha wagombea, chai pembeni, nasoma hata mgombea wa bodi ya shule. Kituoni ningekimbizwa na foleni. Tatizo si posta, ni majimbo yanayoweka mitego kwenye bahasha.

Mtanga_Houston
Mzee kasema.

Binti_Uvira
Nimerudi na habari. Leo nimewapata kaunti. Mama wa mapokezi alikuwa mpole, ameangalia kompyuta, akasema kilichoandikwa ni kwamba kuna tatizo "kwenye tamko". Nikamuuliza ni tarehe au saini, akasema kompyuta yake haimwonyeshi zaidi ya hapo, niandike barua kuomba. Mama nimemsomea maneno ya kaka Karani yote. Ameniambia nimsomee tena kile kipande cha uraia.

KaraniWaZamu
Tamko ni bahasha ya nje. Tarehe.

MzeeWaTacoma
Au saini. Labda alisaini juu ya mstari usio wake, pale pa shahidi.

Rafiki_Lancaster
Wanaweka neno moja kwa kasoro zote. Mimi nilishaona mtu aliyeandikiwa hivyohivyo na kosa lilikuwa bahasha ya ndani. Kaka aitoe hiyo bahasha kabatini aipige picha tuone ni ya nini.

Binti_Uvira
Kaka anasema ametumia kuandikia orodha ya vitu vya sokoni, imetupwa. Barua ya kuomba maelezo nimeiandika, kesho naipeleka kwa mkono.

KisauniBoy
Dada, ukijibiwa uandike hapa. Na swali langu la mwisho kwa wataalamu: mdogo wangu yeye amezaliwa huku, ni raia, anasoma chuo Ohio lakini nyumbani ni North Carolina. Anaomba wapi?

Nyota_Milwaukee
Achague moja. Mwanafunzi anaweza kujiandikisha nyumbani au anakosoma, si kote kuwili. Akibaki North Carolina aombe huko, hawahitaji sababu, ila atafute mashahidi wawili au mthibitishaji mmoja wa nyaraka, na aambatishe nakala ya kitambulisho.

Mtanga_Houston
Mashahidi wawili bwenini si shida. Shida ni kupata mwenye mashine ya kutoa nakala.